Kifundo cha Hidaya

Hidaya alipasuliwa kifundo cha mguu mwaka jana, baada ya kuteleza shambani kwake Magamba, milimani. Leo Latifa, mtafiti wa hospitali, alipanda huko huko kumuuliza kinaendeleaje.

"Kizuri, alhamdulillahi."

"Kupanda mlima je?"

"Napanda vizuri."

"Na kushuka?"

"Vizuri vilevile, mwanangu."

Angesema nini kingine? Mgeni hujibiwa mazuri, na daktari aliyekurudishia mguu humwaibishi.

Latifa akaweka kalamu chini. "Mama, hizi ni salamu. Nikizipeleka, mgonjwa wa kesho atapasuliwa kwa salamu. Daktari mwenyewe anataka kujua panapouma."

Hidaya akacheka, akaunyoosha mguu. "Haya. Kupanda napanda kama mbuzi. Lakini nikishuka na tenga la karoti kichwani, kinachoma huku ndani mpaka nakaa chini."

Latifa akaandika neno kwa neno, akamsomea.

"Weka na jina langu."

"Majina hatuweki, mama."

"Basi andika ni wa Magamba, waujue na mteremko wenyewe."

Akamsindikiza mgeni wake kushuka hadi barabarani, mgongo wima, akichechemea waziwazi bila kumficha mtu.