Mahali pa Kuliweka Jumba

Marcelina alikuwa ameshapanda na kufunga mkanda nilipoiona ile karatasi. Ilikuwa imebanwa chini ya waipa, upande wa dereva, ndani ya mfuko wa nailoni ili mvua isiilowanishe. Aliyeiweka ni mstaarabu, nikawaza. Kisha nikaisoma.

"Inasemaje?" mke wangu aliuliza kupitia dirishani.

"Wanataka tuliondoe gari."

"Kina nani?"

"Kampuni inayosimamia mtaa. Wanasema haliruhusiwi kukaa mbele ya nyumba. Tumepewa mpaka mwisho wa mwezi."

Ilikuwa Jumapili, na Marcelina alikuwa amevaa gauni lake la kitenge cha bluu ambalo lilikuwa limening'inia kabatini muda mrefu hata mikunjo ya henga ikabaki mabegani. Nilitarajia ashuke, arudi ndani, avue lile gauni. Badala yake alitazama mbele.

"Panda twende," alisema. "Misa haitatusubiri."

Tulitoka kwetu Stanmore kwenda kanisani Wembley. Mimi, niliyeendesha basi katika jiji hili la Waingereza karibu utu uzima wangu wote, nilipotea kona ninayoijua kama kiganja changu.

Gari lenyewe, wenye kuyajua wanaliita motahomu. Ni refu kama lori dogo, jeupe, na ndani lina vitanda, jiko, sinki na choo. Sisi tuliliita Jumba. Watu walidhani tumelinunua kwa sababu ya vitanda, kwamba Geofrey na mkewe sasa wamekuwa wazee wa kutalii. Tulilinunua kwa sababu ya choo.

Marcelina alikuwa nesi wa wodi ya wazazi, mwanamke asiyekosekana penye shughuli. Kama kuna harusi, yuko jikoni. Kama kuna msiba, yuko na wafiwa. Kisha utumbo ukaugua. Madaktari walimpasua, wakauokoa uhai wake, na mpaka leo tunawashukuru. Lakini ule utumbo uliobaki haukuwa na subira. Haja ilipomjia haikumpa nafasi ya kutafuta mlango. Siku moja treni ilisimama kati ya Kingsbury na Wembley Park, mbele kuna hitilafu ya taa, ikakaa hapo na watu wake ndani. Alirudi nyumbani amejifunga sweta kiunoni. Sikumuuliza kitu. Alipita moja kwa moja bafuni, akafungulia maji, na yale maji yalitiririka mpaka nikaanza kuogopa.

Toka siku hiyo akawa mtu wa ndani. Wenzetu wa jumuiya walipopiga simu tulisema mgongo unamsumbua. Kwaya ikampa mtu mwingine nafasi yake. Aliacha kazi. Mimi nilikuwa nikitoka zamu namkuta amekaa sebuleni na koti amevaa, kana kwamba alikaribia kutoka akaghairi, na sikujua kama nimwulize au nimvue tu. Keren, binti yetu, ndiye pekee aliyeujua ukweli mbali na mimi, na aliapishwa.

Ndipo dereva mwenzangu mmoja akastaafu na kuliuza Jumba lake. Siku niliyolileta nyumbani, Marcelina alilizunguka mara moja, akapanda, akafungua kile kichoo, akakaa juu yake na nguo zake zote, akafunga mlango. Nilisimama nje ya mlango ule mwembamba nikisubiri. Halafu nikamsikia anacheka peke yake humo ndani.

Kuanzia hapo tulikwenda. Sokoni, kwa Keren, kanisani, msituni kuangalia majani yanavyobadilika rangi. Mara nyingi hakukihitaji hata hicho choo. Kujua kwamba kipo nyuma yake kulimtosha. Barabarani alianza kuimba, kwanza kwa kunong'ona, kisha kwa sauti ile yenyewe.

Sasa karatasi inatuambia tuliondoe.

Keren alikuja na kuisoma hati ya nyumba, zile kurasa nilizozitia saini siku ya kununua bila kuzisoma. Ni mzaliwa wa hapa. Kiswahili anakielewa chote, ila hukijibu kwa Kiingereza. Alitueleza kwa Kiingereza chake cha taratibu kwamba sharti lilikuwepo tangu mtaa ulipojengwa: boti, nyumba ya kukokotwa wala gari la kulala visiwekwe mbele ya mstari wa ukuta wa mbele wa nyumba. Upenuni, yaani ubavuni mwa nyumba, ruksa; uani ruksa. Sisi nyumba yetu imebanwa kati ya nyumba mbili; upenu hatuna, na wa kupita kwenda uani ni paka tu. Barabarani nako kaunsili ya mji imechora visanduku vya maegesho kwa magari madogo ya wenye vibali, na Jumba lingehitaji kimoja na nusu.

"Kuna yadi za kuyalaza magari haya," nilisema. "Hertfordshire huko."

"Choo kiko Hertfordshire, mimi niko Stanmore," alijibu Marcelina. "Kitanisaidia nini?"

Keren akasema tunaweza kuomba kuruhusiwa kwa sababu ya ugonjwa. Daktari ataandika, kamati ya mtaa itakaa, itaamua. Niliona hiyo ndiyo njia. Marcelina aliinuka akaenda kuanua nguo, nami nikamfuata bustanini.

"Mama Keren, tuwaeleze tu. Ni ugonjwa, si aibu."

"Nimekuwa nesi, Baba Keren. Najua habari za mgonjwa zinavyotembea. Sitaki kila anayepita hapa na mbwa wake aniangalie tumbo kabla ya uso."

"Basi tufanye nini? Yule bibi jirani ndiye aliyetushitaki, nina hakika. Kutwa yuko dirishani anatuchungulia."

"Mwache mama wa watu."

"Nimwache vipi? Ametufanyia hivi bila hata kugonga mlango!"

"Hajui!" alisema, na shuka alilokuwa analikunja likamponyoka. "Anaona gari, hajui ni nini. Hajui kwamba lile gari likiondoka mimi narudi kukaa kwenye kochi na koti. Nimechoka, Baba Keren. Nimechoka kuishi kwa kukadiria choo kiko wapi. Kwenye lile gari nilikuwa nimeanza kuwa mtu tena."

Alikaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni, akalia. Ndipo kikohozi kikatoka upande wa pili wa uzio wa mbao.

"Mama Keren," ilisema sauti ya kike. "Mimi nasikia Kiswahili."

Jirani yetu Bi Parminder ni mjane wa Kisingasinga, mama mrefu mwenye mgongo ulionyooka na neno moja tu la salamu. Tangu tuhamie pale tulikuwa tukimwambia "Morning", naye akitujibu "Morning", basi. Sasa uso wake ulikuwa juu ya uzio, na mkononi alikuwa na mkasi wa maua.

"Tangu lini?" niliuliza. Swali la kijinga, lakini ndilo lililotoka.

"Tangu Kisumu. Mimi nilizaliwa huko. Duka yetu ilikuwa karibu na stesheni. Nyinyi mnaongea kwa hii bustani miaka yote, mnafikiri mimi ni ukuta?"

Damu ilinipanda masikioni. Nikaanza kumwomba radhi, akanikatisha kwa mkasi.

"Ni mimi nililalamika. Sitaficha. Tangu mzee yangu afariki mimi nakaa kwa dirisha. Naona watoto wanaenda shule, naona mtu ya posta, naona dunia. Sasa naona bati. Asubuhi bati, jioni bati. Mliniuliza?"

Hatukumwuliza. Jumba lilikuwa limesimama sambamba na mpaka wetu, refu kuliko mtu, na haikunipitia akilini kwamba upande wa pili kuna mtu aliyenyimwa barabara yake.

Marcelina aliinuka, akajifuta uso kwa lile shuka, akausogelea uzio. Nilidhani atajibizana naye. Badala yake alimweleza. Upasuaji, treni, sweta, kwaya, yote, kwa sauti ya kawaida kabisa kama anayemkabidhi mwenzake zamu. Mambo ambayo hata mimi nilikuwa nimeyapata kwa vipande vipande aliyasema yote kwa mtu ambaye jana yake hatukujua lugha yake.

Bi Parminder alisikiliza mpaka mwisho.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekuwa wewe ungesema?"

"Hapana," alisema. Kisha uso wake ukapotea, na tukasikia mlango wake wa jikoni ukifungwa.

Tulitazamana. Nilichukua mwisho mmoja wa shuka, Marcelina mwingine, tukalikunja. Tulikuwa hatujamaliza kengele ya mlango wa mbele ilipolia. Bi Parminder alikuwa amesimama kizingitini amevaa mabuti ya mpira, na funguo zimemjaa mkononi.

"Baba Keren, uko na kitu ya kukata miiba?"

Nyumba yake ndiyo ya mwisho mtaani, ya kona. Upenuni kwake, nyuma ya geti la mbao lililomezwa na miiba, kulikuwa na kipande cha sakafu ya zege ambacho hatukuwahi kukiona. Mumewe alikuwa fundi bomba, alisimulia huku akinielekeza pa kukata. Naye walimwandikia hivihivi enzi zake, gari la kazi lisikae mbele, akalihamishia hapa. "Hapa ni nyuma ya mstari," alisema akilipiga geti kwa kiganja. "Hapa hawawezi kusema kitu."

Tulifanya kazi mpaka mikono yangu ikajaa mikwaruzo. Marcelina alizoa matawi. Wale wanawake wawili waliongea wakati wote, Kiswahili cha Kisumu na Kiswahili cha kwetu Bukoba, wakibishania jina sahihi la samaki fulani wa ziwa lao moja, kila mmoja akiwa na uhakika kwamba mwenzake amelisahau. Tulipopima, nguzo moja ya geti ilitubana. Nilimtazama Bi Parminder, naye akaitazama ile nguzo.

"Mzee aliisimamisha mwenyewe," alisema. Kisha: "Toa."

Marcelina mwenyewe ndiye aliyeiandikia kampuni kueleza Jumba litahamia wapi na kwa ruhusa ya nani. Wakamtuma binti mmoja aitwaye Sundus, na futi ya kupimia na viatu visivyofaa kwa matope. Alipima, akapiga picha, akauliza kama kuna mtu atakayelala humo. Hakuna, tulijibu.

"Linatumika kwa nini hasa?"

Niliangalia chini. Nilikuwa nimeshaandaa jibu la mapumziko na utalii.

"Kwa ajili yangu," Marcelina alisema. "Nina ugonjwa wa utumbo. Nahitaji choo karibu. Nikiwa nalo, natoka. Nisipokuwa nalo, sitoki."

Sundus aliitikia kwa kichwa. "Sawa," alisema, na akauliza kama geti litakuwa linafungika vizuri. Basi. Hakurudi nyuma, hakumtazama tumbo, hakumwonea huruma. Niliona mabega ya mke wangu yakishuka taratibu, kama ya mtu aliyetua ndoo.

Tulikubaliwa. Bi Parminder hakutaka kusikia habari ya kodi, alikasirika nilipoitaja. Alikuwa na sharti moja. "Mkienda, nami naenda. Sitaki kubaki kuchungulia."

Hayo yamepita miaka mitatu sasa. Marcelina amewaambia watu wa jumuiya mwenyewe, na kumbe wawili kati yao walikuwa na yao, wakimeza kimya miaka yote. Ugonjwa haujaondoka. Kuna siku mbaya. Lakini nikiulizwa alipona lini, kwa maana ninayoijua mimi, huwa naikumbuka siku ya Aprili tuliyokwenda kwenye vilima vya Dunstable.

Kulikuwa na upepo na watu wakirusha tiara. Nililiegesha Jumba juu, nikatoa viti vitatu, Bi Parminder akachemsha chai yake ya maziwa na iliki. Marcelina alikunywa nusu kikombe, akasimama.

"Naenda mpaka pale," alisema, akionyesha kwa kidevu mti mmoja uliokuwa karibu.

Alifika kwenye mti. Aliugusa, akageuka kutuangalia. Kisha akaendelea. Niliona skafu yake ikishuka njia ya miguu, ikipita kichaka, ikipita watu na watoto wao, na mbele yake hapakuwa na kitu ila mteremko. Nikainuka.

"Kaa," alisema Bi Parminder bila kunitazama. "Chai inapoa."

Nikakaa. Skafu ilizama nyuma ya kilima, zikabaki nyasi zikilala na kuinuka. Nilishika kikombe kwa mikono miwili. Bi Parminder alianza kunisimulia habari ndefu ya binamu yake wa Nakuru, ambayo sikusikia hata neno moja, na nadhani alijua.

Marcelina aliporudi, jua lilikuwa limeshahama upande. Alikuwa na tope mpaka magotini na jani limenasa kwenye nywele.

"Kule chini kuna farasi," alisema. "Wa kahawia. Nilikaa naye."

Akavuta kiti chake, akauliza kama tumemwachia mkate.