Mtoto wa Watu Kwenye Treni ya Pinetown

Hakuna waziri wa uchukuzi aliyewahi kutangaza mpango wa safari kwa heshima kama Hardy alivyotangaza wake, Ijumaa jioni, akiwa amesimama mezani na kijiko cha wali mkononi. Alikuwa kijana wa miaka kumi na sita, amerudi likizo kutoka shule ya bweni ambako, pamoja na hisabati na Kiingereza cha puani, alikuwa amejifunza namna ya kumfungia mbuzi ndani ya chumba cha kiranja mkuu. Habari za mbuzi zilifika Pinetown, nje kidogo ya Durban, kabla yake. Kwa hiyo alipoinuka kuzungumza, baraza halikumpigia makofi.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Watoto wa kwaya ya parokia walikuwa wamepewa tiketi za bure za mechi kubwa ya raga. Wale wanaokaa mtaa wa Point, mjini Durban, wangekwenda kwa teksi na mwalimu wa kwaya, Mama Marie-Jeanne. Wale wa Pinetown wangekwenda kwa treni na Baba Gosbert, lakini Baba Gosbert alikuwa ameitwa kazini kiwandani, na watoto watatu walikuwa wamekaa na tiketi zao kama maharusi walioachwa kanisani. Hardy alijitolea. Mama yake, Mama Élisabeth, ambaye Jumamosi ndiyo siku yake ya kusuka vichwa vya watu saluni bila kupumzika, alisogeza sahani yake kando.

"Bon, sawa," alisema. "Niambie utarudi nao vipi. Kwenda sikuulizi."

"Mama umenena," alisema Hardy. "Kwenda hata ng'ombe anajua. Kazi ni kurudi. Mpira ukiisha watu wote wanataka kutoka mlango mmoja. Sisi hatutoki. Tunakaa kwenye viti vyetu mpaka wenye bia wapungue. Halafu tunatembea mpaka stesheni iliyo karibu na uwanja, tunapanda mpaka Durban, tunabadilisha, tunaingia treni ya Pinetown, behewa la mbele. Tukikosa hiyo, nyuma yake iko ya mwisho. Lakini mimi si mtu wa treni ya mwisho."

"Wewe ni mtu wa mbuzi," alisema mdogo wake Prodige, mwenye miaka sita na mapengo mawili mbele.

Mama hakucheka. Tangu mwaka ule mbaya ambapo wageni kama wao walifukuzwa mitaani, Mama Élisabeth hakuwa amekanyaga treni, na Prodige hakuwa ameruhusiwa kwenda popote ambapo mama hawezi kumwita kwa sauti. Kumkubalia Hardy kulikuwa kama kufungua mkono uliokunjwa miaka mingi.

"Ninakupa watoto watatu," alisema mwishowe. "Unirudishie watatu. Mkienda vizuri mkarudi vizuri, huyu Prodige ataanza kutembea na wenzake kama watoto wengine. Ukimpoteza, Hardy, sitakupiga. Sitaweza hata kukutazama. Na ndani ya treni, kimya. Msipige Kiswahili mbele ya watu msiowajua."

Hardy aliweka kijiko chini. Hata mtu wa mbuzi alielewa kwamba hapo hapakuwa na mzaha.

Jumamosi wakaondoka: Hardy mbele, nyuma yake Mireille mwenye miaka kumi na akili za bibi wa miaka sitini, kisha Salvator anayekula kila kitu, na Prodige mkiani. Watoto wote watatu walivaa mashati ya kwaya, kitenge cha buluu chenye ndege wa njano, yaliyokatwa kutoka jora moja na kushonwa na fundi mmoja. Mama Élisabeth alikiamini kile kitenge kuliko polisi. Mtoto mwenye sare, alisema, hapotei.

Uwanjani Hardy aliongezea la kwake. Alinunua rangi akawapaka watoto nyuso nzima, nyeusi upande huu na nyeupe upande ule, rangi za timu ya nyumbani, mpaka wakafanana na pundamilia watatu waliobatizwa. Mechi ilikuwa ya kufa na kupona. Wanaume wenye shingo kama magogo walirundikana juu ya mpira, Salvator akauliza kama aliye chini kabisa anapata hewa, timu ya nyumbani ikashinda dakika za mwisho, na mzee mmoja asiyewajua akawakumbatia wote huku akilia.

Kisha mpango ukaanza kazi. Walikaa vitini. Walingoja. Walipotoka bado watu walikuwa wengi, kwa hiyo Hardy akaunda gwaride: kila mtoto ashike shati lililo mbele yake, asiliachie hata kama simba amepita. Langoni umati uliwabana, ukawazungusha, ukawatema upande wa pili. Hardy aligeuka akahesabu. Mashati ya ndege matatu, nyuso za pundamilia tatu. Alijisikia kama jenerali.

Kabla ya kupanda treni aliwakusanya. Agizo la mama la kukaa kimya alilijua, lakini alijua pia kwamba watoto huogopa ukiwaambia sababu. Akaligeuza kuwa shindano.

"Kuanzia hapa mpaka Pinetown, atakayefungua mdomo hali aiskrimu. Hata neno moja. Hata kama nguo inawaka moto. Tumeelewana?"

Watoto walitikisa vichwa. Mireille aliinua mkono.

"Hata mkono," alisema Hardy kwa ukali wa hakimu. Mkono ukashuka.

Walisafiri wakiwa kimya kama masanduku. Mireille alimkodolea macho njia nzima, akakunja uso, akanyoosha kidole, akapiga mguu chini. Hardy alimwonea huruma: mtoto wa kike, alifikiri, kukaa kimya ni mateso. Walishuka stesheni ya Durban, wakavuka hadi jukwaa la treni ya Pinetown, nayo ilikuwa bado haijafika. Kila kitu kilikwenda kama alivyotangaza mezani. Aliinama amrekebishe mdogo wake kola ya shati, akamwambia, "Umeona, bwana mdogo? Mtu wa mbuzi."

Mdogo wake akatabasamu. Akatabasamu kwa meno yote, mazima, yamepangwa vizuri juu na chini.

Hardy alitazama yale meno. Mtu haoti meno mawili kwa muda wa mechi moja.

"Wewe ni nani?"

Mtoto alifunga mdomo, akatazama wenzake. Aiskrimu ni aiskrimu.

"Shindano limekwisha! Semeni!"

"Huyo si Prodige!" Mireille alilipuka. "Ni Honoré, mtoto wa Tantine Marie-Jeanne! Nimejua tangu uwanjani! Nimenyoosha mkono, ukaukataza na mkono!"

"Mimi pia nilijua," alisema Salvator. "Ila nilitaka aiskrimu."

Hardy akachuchumaa pale pale. Picha zilimjia upesi kuliko alivyotaka: lango la uwanja, umati, shati dogo la ndege katikati ya miguu ya watu wazima. Halafu uso wa mama yake. Sitaweza hata kukutazama.

"Honoré," alisema, na sauti yake haikuwa ya jenerali tena. "Ulikujaje huku?"

"Nilitaka treni," alisema Honoré. "Sisi kila siku teksi."

"Na Prodige?"

"Nilimwona ameshika shati la Tina wetu wa Point."

Hardy aliposikia hivyo alipata pumzi nusu. Watoto wa Point nao walikuwa na mashati yale yale, na rangi iliyobaki aliwapaka wao.

"Namba ya mama yako unaijua?"

Anaijua! Ni mtoto gani wa wageni Durban asiyeijua namba ya mama yake? Wanafundishwa kabla ya Baba Yetu. Honoré alifumba macho akaiimba kwa sauti ya kwaya, tarakimu baada ya tarakimu, na Hardy akaibonyeza.

"Haloo! Nani?" Sauti ya Mama Marie-Jeanne ilishindana na honi na wauza mahindi. Alikuwa Warwick, kwenye stendi ya teksi za Point, ambazo ni mabasi madogo, anangoja moja ijae. Huyu ndiye mwanamke, Tantine au shangazi wa parokia nzima, aliyemtoa Hardy kwaya mwaka uliopita kwa kosa la kutafuna jojo wakati wa wimbo wa Mtakatifu.

"Shikamoo Tantine. Ni Hardy, wa Mama Élisabeth. Niko na Honoré hapa stesheni."

"Honoré gani?"

"Wako, Tantine."

"Weye kijana, michezo yako peleka kwa mbuzi. Watoto wangu wote niko nao hapa, nimewahesabu mara tatu."

"Tantine, tafadhali. Usihesabu mashati. Tazama meno."

Halafu Hardy akasikia, mbali kidogo na simu: "Wewe, hebu cheka. Cheka, nasema!" Kisha ukelele mmoja uliowafanya wauza mahindi wa Warwick nao wanyamaze.

"Yesu wangu! Huyu ni nani?"

"Mimi Prodige," ilisema sauti ndogo, yenye kitu mdomoni. "Kaka yangu, Ya Hardy, alisema nishike shati. Nimeshika."

Hardy alifunika macho kwa kiganja. Salvator alimpapasa bega, kama anavyopapaswa mtu msibani.

Wakapatana haraka. Warwick inapakana na stesheni ya Berea Road, na treni ya Pinetown inapita hapo hapo, kituo kinachofuata. Mama Marie-Jeanne angekimbia na kundi lake lote mpaka jukwaani. Treni ikisimama, watoto wabadilishane mlangoni, kila mtu aende kwake. Ulikuwa mpango mzuri. Hardy hakuusifu. Hamu ya kusifu mipango ilikuwa imemwisha.

Treni ilikuja, wakapanda, na safari hii alishika mikono, si mashati. Ilipopunguza mwendo kuingia Berea Road alibana paji la uso kwenye kioo. Jukwaani palikuwa na askari mmoja, wasichana wawili wenye viatu mkononi, na bwana aliyebeba gunia la kabichi. Hapakuwa na ndege wa njano hata mmoja.

"Hawapo," alisema Mireille. "Tunafanyaje, Ya Hardy?"

Milango ilikuwa wazi. Wazo lilimjia, na halikuwa baya sana: awaache hawa watatu ndani, waende na treni, mama atawapokea Pinetown, yeye abaki amtafute Prodige peke yake, mbio. Kisha alimwona Honoré amekaa kwenye benchi, miguu haigusi chini, anafurahia treni. Mtoto wa watu.

"Shukeni," alisema. "Wote. Shukeni!"

Wakashuka. Milango ikafungwa nyuma yao na treni ikaondoka, ile aliyoitangaza mbele ya baraza, na Hardy akaitazama inavyokwenda bila yeye. Jukwaa likawa tupu. Alihesabu pumzi, akapoteza hesabu, akaanza upya.

Ndipo vikasikika vishindo ngazini. Kwanza viatu vingi vidogo, kisha mhemo mkubwa mmoja, na kilemba cha Mama Marie-Jeanne kikatokea, kimelala upande mmoja wa kichwa. Nyuma yake walishuka ndege wa njano kundi zima, na katikati yao mmoja mwenye sambusa mkononi na mapengo mawili.

Hardy hakukumbuka baadaye alivyofika. Alikuwa amepiga magoti kwenye saruji, amemkumbatia mdogo wake, rangi nyeusi na nyeupe imehamia shingoni mwake, na Prodige anamwambia, "Eish, unaniumiza. Sambusa inabondeka."

"Ibondeke."

Mama Marie-Jeanne naye alikuwa amemshika Honoré sikio kwa mkono mmoja na anambusu kichwani, haijulikani kipi ni adhabu. Alipopata pumzi, alinyoosha kilemba, akatazama kulia na kushoto, akamsogelea Hardy.

"Kijana. Mambo haya yaishie hapa. Mama yako ana presha, na mimi ni mwalimu wa kwaya. Utasema treni ilichelewa."

Hardy alimtazama. Katika maisha yake yote ya dhambi hakuwahi kupewa uongo ulioshonwa tayari, tena na mtu wa kanisa.

"Tantine, treni haikuchelewa. Imekuja kwa wakati wake. Nimeiona kwa macho yangu ikiondoka."

"Sasa utamwambiaje?"

"Sijui. Lakini nikimdanganya, ikijulikana, Prodige hatatoka tena nje ya geti mpaka aote ndevu."

Alipiga simu. Alieleza yote: rangi, mashati, shindano, mkono wa Mireille. Hakuweka kichekesho popote. Alipomaliza, mama yake alitoa amri moja.

"Nipe Prodige."

Prodige alishika simu kwa vidole vya mafuta. "Mama, nimekula sambusa ya pilipili, sijalia." Akasikiliza. "Ndiyo. Ndiyo. Nyeusi na nyeupe. Ndiyo, ni mimi." Akairudisha. "Anakutaka."

"Hardy," alisema mama. Sauti yake ilikuwa na maji ndani. "Ile treni uliiacha wewe mwenyewe?"

"Ndiyo, Mama."

"Ukashuka na wote? Na yule wa Marie-Jeanne?"

"Ndiyo, Mama. Sikuweza kumwacha."

Alisikia pumzi ndefu ikitoka, pumzi ambayo labda ilikuwa imefungiwa tangu asubuhi, labda tangu zamani zaidi.

"Niko stesheni hapa Pinetown. Nimekuja mapema. Njooni na ya mwisho, nitangoja. Na wewe ukifika unawe huo uso, maana najua umejipaka na wewe."

Kundi la Point lilipanda ngazi kurudi Warwick, Honoré akipunga mkono kwa treni isiyokuwepo. Hardy alikaa benchi na watatu wake. Alitafuta neno la kuchekesha, hakulipata, na kwa mara ya kwanza hakuona hasara. Upepo ulileta harufu ya mahindi ya kuchoma. Salvator alisinzia.

Taa za treni ya mwisho zilipotokea, Hardy alisimama mlangoni, akawapandisha mmoja mmoja, akishika kila uso kwa mikono miwili na kuutazama kwa karibu.

"Mireille. Salvator. Prodige."

"Mimi niko, Ya Hardy. Umeshaniita."

"Najua," alisema Hardy. "Cheka tena."