Nyota Iliyofunga Maji ya Ukoo Mzima

Jembe likikosea linakata mche mmoja. Kompyuta ikikosea inakata shamba zima, na mwenye mtoto anayeifanyia kazi asikie haya.

Asubuhi ile huko Mitunguu, Kathambi alikuwa amepanda miche mia mbili ya ndizi. Jua la nyanda hizo za chini halina huruma. Mche mchanga ukikosa maji hadi saa nane, umeenda. Saa nne paipu ikakohoa, ikanyamaza.

Alijua pa kuuliza, akapiga simu. Binti yake Kajuju ndiye aliyetunza modemu za chama cha maji, yale maboksi yenye laini ya simu yanayofungua na kufunga maji katika kila shamba.

"Kajuju, umenifungia maji?"

"Hapana, mami. Nimefunga namba nne tu, kwa babu Thuranira. Paipu yake imepasuka."

"Babu peke yake? Mimi nimekauka, na shemeji Kiunga anapiga kelele huko ng'ambo."

Kajuju akasoma amri aliyoandika kwenye kompyuta: 4, halafu nyota. Nyota maana yake ni chochote kinachofuata. Aliiweka kwa sababu majina ya modemu huanza na namba ya shamba, kisha aina ya boksi.

"Iko sawa, mami."

Kathambi aliishia darasa la nane, lakini mipaka aliijua. "Babu alipowagawia wanawe shamba namba nne, chama kiliwapa namba gani?"

"Kiunga arobaini na moja, sisi arobaini na mbili, Kiambi arobaini na..." Kajuju akaona: 41, 42, zote zinaanza na 4.

"Eeh. Umeita mzee, wameitika mpaka wanawe."

"Basi nifungue kwa nyota hiyohiyo."

"Thubutu. Umfungulie na babu maji yambebe na kuku? Iambie kompyuta kwanza ikusomee majina tu, isiguse kitu. Ukiyaona, ndio utume."

Yakaja majina manne. Kajuju akaandika matatu kwa ukamilifu, la babu akaliacha.

Saa tano na robo paipu ikakohoa tena. Kathambi akainama, akaelekeza maji kwenye mche wa kwanza uliokuwa umeanza kulegea. Jioni miche yote mia mbili ilikuwa imesimama.

Mpaka leo Kajuju akishika ile kompyuta, mama yake hamsalimii kwanza. Anamuuliza, "Umesoma majina?"