Upele wa Kangaga

Nilimkuta mama mkwe wangu amepiga magoti bafuni, kitambaa cheupe mkononi, uso umejaa ushindi.

"Mwanangu, mmea wako ulikuwa na upele," aliniambia. "Nimeufuta wote."

Alikuwa mkunga mstaafu. Yeye na uchafu, paka na panya. Leo nacheka nikikumbuka, lakini siku ile sikucheka. Mmea wenyewe ulikuwa kangaga, ule wa majani kama manyoya unaoota kivulini; niliichimba chini ya miti nyuma ya kwetu, mahali marehemu mama alipopenda kupumzika, kabla msitu ule haujafyekwa. Niliiweka bafuni ipate unyevu. Hata hivyo ilinyauka, ikabaki na jani moja, na chini ya jani hilo vidoa vya kahawia nilivyokuwa nikisubiri vikomae. Kangaga haitoi ua. Mbegu zake ni ule unga wa ndani ya vidoa.

"Haukuwa upele, mama. Zilikuwa mbegu, na nyingine sina."

Nikaingia chumbani nikalia kwa sauti. Niliona kama nimemzika mama mara ya pili.

"Maji yakimwagika hayazoleki," mume wangu alisema pale mlangoni, akidhani anatupatanisha.

"Nyamaza wewe," mama yake akamjibu. "Hayazoleki kwa sababu hujawahi kushika tambara."

Nikachungulia. Mwanamke ambaye hakuwahi kulaza kitambaa kichafu alikuwa bado hajakifua kile. Alitia udongo kwenye bakuli, akaulowesha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, akakikung'uta kitambaa juu yake taratibu, kisha akafunika kwa kipande cha kioo. Tangu hapo hakuna aliyelisogelea bakuli bila kunawa mikono. Mwanawe alipouliza hali ya mgonjwa, alifukuzwa.

Ilichukua miezi. Udongo ulivaa utando wa kijani, tukadhani ni kuvu, tukagombana kama uondolewe au uachwe. Halafu asubuhi moja nikasikia sauti ambayo bila shaka ndiyo aliyoitumia wodini.

"Njoo! Kametoka!"

Kalikuwa kajani kadogo, kamejikunja. Tulikaa sakafuni tukikatazama.

"Hebu niambie," alisema, "mama yako alikuwa mtu wa namna gani?"

Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Waliogopa nisije nikalia. Nikaanza na kicheko chake. Jikoni sufuria ikaanza kuungua, harufu ikatufikia sote wawili, na mama mkwe hakunyanyuka.