Dirisha la Waliokataliwa

Mchezo wenyewe ulianza baada ya uchaguzi, pale mkuu wa kitengo na mhasibu walipotaka kushikana mashati kwa ajili ya wanasiasa wasiojua hata kama wao wapo duniani. Watu wazima, jamani! Ndipo ikapitishwa sheria katika chumba cha mafao ya wastaafu: atakayetaja siasa wakati wa kazi, au atakayeharibu Kiswahili, ndiye atakayetoka kwenda dirishani kumwambia mteja kwamba ombi lake limekataliwa. Kazi hiyo hakuna aliyeipenda. Dirishani watu hulia, na wengine hukulaani wewe na kizazi chako.

Basi ikawa raha tupu. Mhasibu akisema "gari yangu," chumba kizima kinamrukia: gari langu! Redio, aliyepewa jina hilo kwa sababu hazimiki, alinaswa kila wiki. Siku moja walibishana asubuhi nzima kama kulalamikia bei ya sukari ni siasa au ni njaa tu. Mkuu akaamua ni siasa, maana yeye hakuwa na njaa.

Asiyenaswa alikuwa Bi Fasaha. Mama huyu alipima kila neno kabla halijamtoka, na siasa aliziacha nyumbani. Tangu mchezo uanze hakuwahi kwenda dirishani, na alijivunia hilo, tena sana.

Asubuhi moja aliinua macho, akamwona mama yake mdogo nje ya kioo, kaketi kwenye benchi na viatu vyake vya kutokea. Mama mdogo ndiye aliyemlea tangu mama yake mzazi alipofariki, akachelewa kuolewa kwa ajili hiyo. Alipoolewa alimpata mzee aliyekwisha kustaafu, akamuuguza mpaka akamzika. Sasa aliomba pensheni ya mjane ili abaki kwenye nyumba waliyokuwa wamepanga, na sheria ya mfuko wa pensheni ilikuwa kavu: mke aliyeolewa baada ya mume kustaafu hapati kitu. Ombi lilikataliwa wiki iliyopita. Bi Fasaha alijua. Jumapili alikula kwa mama mdogo, akaulizwa, akajibu kwamba bado linashughulikiwa. Ulimi ulimgomea, basi.

Sasa jalada lilikuwa juu ya meza ya mkuu, likimsubiri wa kunaswa. Bi Fasaha akafunga mdomo kabisa. Aliomba kimoyomoyo mwingine ateleze, habari imfikie mama mdogo kwa kinywa cha mtu baki, yeye aende jioni na pole zake. Ndiyo, aliomba hivyo, na akaona aibu.

Dua ikapokelewa. Redio alilalamika kwamba kompyuta imemweka masaa mawili. Saa mbili, wakamzomea wote, saa haina wingi! Redio akanyanyuka, akachukua jalada, akakohoa na kujivuta kama hakimu anayetaka kusoma hukumu. Watu hoi. Alikuwa anaelekea dirishani na kicheko bado kimemjaa mdomoni.

"Lete hapa," alisema Bi Fasaha. "Sheria hii wameitunga wabunge ambao wake zao hawatakaa kamwe kwenye benchi lile. Na sisi tunawapigia kura, kisha tunawatumikia."

Chumba kikalipuka. Bi Fasaha kanaswa! Mhasibu alipiga meza kwa viganja, mkuu akafuta machozi. Hakuna aliyemtazama usoni mwenzao alipompokonya Redio lile jalada.

Mama mdogo alipomwona anatokea dirishani alisimama haraka, uso umemchangamka.

"Kumbe ni wewe, mwanangu. Nilikuwa na wasiwasi tangu nimeamka, hata chai haikupita. Ila nilivyowasikia mnacheka vile, roho ikatulia. Nikasema watu hawa hawawezi kuwa na habari mbaya. Nimeshampigia mwenye nyumba, nimemwambia asitafute mpangaji mwingine."

Bi Fasaha alitafuta neno la kulainisha. Yeye, wa maneno yote yale, hakulipata.

"Tumekukatalia, mama mdogo."

Mama mdogo aliendelea kutabasamu, akimngoja acheke.