Mitungi Miwili kwa Mikorosho ya Anjelina

Fundi Shamte wa Masasi alikoroga sabuni ya kufulia ndani ya kopo, akapaka povu kwenye kila kiungo cha mipira, kuanzia kwenye mitungi mpaka kwenye shingo ya tochi ya kuchomelea.

"Tazama hapa, mtani," alisema. "Povu likitoa mapovu mapya, gesi inatoroka. Likitulia, umepata mali."

Fortunatus aliinama akatazama. Povu lilitulia. Mtungi mrefu ulikuwa wa oksijeni, na ule mfupi mnene wa asetilini. Mpira wa buluu ulitoka kwa mrefu, mwekundu kwa mfupi. Kulikuwa na geji zake, mojawapo ina ufa kwenye kioo lakini mshale wake unasema kweli. Kulikuwa na miwani myeusi, kiwashio cha cheche, na sanduku la bati lenye nozeli zilizofungwa kwenye kipande cha kanga ili zisigongane.

Shamte alikuwa amechoka kuchomelea. Macho yalimtoka machozi hata akiwa harusini. Alitaka kulima, na hakutaka fedha; alitaka mikorosho, tena ya juu Newala, ambako alisikia korosho zake hazina madoa. Fortunatus kwa upande wake alikuwa fundi wa kuchomelea kijijini Mkunya, hukohuko Newala, mwenye mashine ya umeme, lakini umeme ulikuwa na tabia ya kukatika kila alipovaa glavu. Wateja walishazoea kuondoka na baiskeli zilizoungwa nusu.

"Hiyo mikorosho ni yako?" Shamte aliuliza.

"Ni ya ukoo wetu. Mimi ndiye mjomba."

Kwa watu wa kule jibu hilo linatosha. Mali ya mama hukaa kwa watoto wake, na mjomba ndiye anayeisemea mpaka watoto wakue. Shamba lilikuwa Chilangala, na mwenyewe alikuwa Anjelina, dada yake Fortunatus, aliyekwisha kufariki. Anjelina aliacha mtoto mmoja, Severina, ambaye wakati ule alikuwa anakaa bweni huko Lulindi, kidato cha pili. Kabla ya kufa Anjelina alisema mikorosho ile imsomeshe Severina mpaka awe muuguzi. Alimwambia kaka yake peke yake, maana ndiye aliyepaswa kuambiwa.

Shamte na Fortunatus wakapeana mikono.

Mitungi ilipandishwa Newala kwenye lori la saruji, imesimama, kwa sababu mtungi wa asetilini haulazwi. Fortunatus alisimama katikati ameikumbatia yote miwili, mkono huu na mkono huu, njia nzima ya kupanda mlima. Wanawake waliokaa juu ya mifuko ya saruji walimcheka.

"Fundi, umeoa wawili siku moja?"

"Padri hajui," alijibu, na wao wakacheka zaidi. Yeye hakucheka.

Sasa, kuna desturi. Mti ukibadilisha mwenyewe, mjomba huchukua unga wa mtama akaenda shambani, akamwaga kidogo kidogo shinani, akawaeleza marehemu mti umekwenda kwa nani. Asipofanya hivyo marehemu huhangaika kutafuta. Lakini kaburi la Anjelina lilikuwa kulekule Chilangala, ukingoni mwa shamba, na Fortunatus aliona haya kwenda kusimama mbele yake na unga mkononi. Akaona heri aifanye desturi hiyo nyumbani. Asubuhi moja aliiweka mitungi nyuma ya jiko, akamwaga unga kuizunguka chini, akasema:

"Anjelina, dada yangu, mikorosho yako sasa ndiyo hii. Usisumbuke kuitafuta kule."

Mkewe Helena, ambaye watu humwita Mama Huruma, alikuwa amesimama mlangoni na ungo.

"Baba Huruma, maneno ya desturi ndiyo hayo?"

"Ni maneno tu."

"Na mtoto wa watu?"

"Mtoto yuko shule."

Mama Huruma aliuchukua unga uliobaki kwenye bakuli, akaenda kuusongea ugali.

Kazi ya kwanza ya mitungi ilikuwa geti la Mwalimu Basil, mstaafu. Lilikuwa geti la kawaida la nondo na bomba, lenye mbawa mbili, lakini lilitoka safi. Moto wa gesi ulikuwa wa buluu, mwembamba kama sindano, na shaba iliyeyuka ikajaa kwenye viungo kama samli. Mwalimu Basil alilisukuma, likaenda bila kelele, akasema miaka yote hiyo alikuwa anafunga uwanja wake kwa mlango wa kuku.

Mwezi wa sita geti lilichipua. Majani yalitoka kwenye viungo, madogo, ya rangi ya hudhurungi inayoelekea wekundu, kama majani machanga ya mkorosho yalivyo siku zote. Mwalimu Basil aliyakwangua kwa kisu akidhani ni kutu. Yalipotoka tena alimwita fundi.

"Fundi, geti lako linatoa majani."

"Majani gani?"

"Ya mkorosho."

"Yanazuia kufunga?"

"Kufunga linafunga."

"Basi yaache, Mwalimu."

Mwezi wa nane lilitoa maua, mwezi wa kumi mabibo mekundu na ya njano yalining'inia kwenye nondo, na watoto waliotoka shule wakayachuma kutoka upande wa barabara. Mwalimu Basil alianika korosho zake juu ya turubai, akazipeleka chama cha msingi. Mpimaji alimuuliza shamba lake liko wapi.

"Getini," alisema Mwalimu Basil.

Mpimaji akaandika. Korosho zilikuwa kavu, nzito, daraja la kwanza.

Ilionekana mapema kwamba ni viungo vilivyopitiwa na moto wa mitungi ile tu ndivyo vilivyozaa. Vile vilivyochomelewa kwa umeme havikutoa hata jani. Hapo kazi ikamiminika. Mwaka uliofuata hapakuwa na nyumba ya kujiheshimu Mkunya isiyo na geti, pamoja na zile ambazo hazikuwa na uzio. Geti lilisimama peke yake uwanjani, na mwenye nyumba alipita pembeni ili asidondoshe maua. Watu walipuliza salfa, ile dawa ya unga wa njano, kwenye mageti yao kama wanavyopuliza mashamba. Majirani wawili waligombania korosho zilizoangukia barabarani, na mtendaji wa kijiji akaamua kwamba korosho ni za mwenye geti na mabibo ni ya mpita njia. Wote wakaridhika. Hakuna aliyeuliza mti ni wa nani, kwa sababu hawakuona mti.

Fortunatus peke yake ndiye aliyejua. Alipofungua koki na kuwasha, kabla ya moto kukaa sawa, harufu ya maua ya mkorosho ilimjia usoni, ile harufu tamu inayowalevya nyuki. Aligeuza uso, akachomelea akitazama pembeni, na bado viungo vilitoka vizuri. Korosho hakula tena. Zikikaangwa nyumbani alitoka akakaa kwenye karakana. Kanisani, ungamo la watu wote lilipofika, alikuwa akiinamia viatu vyake mpaka wenzake walipokwisha kukaa.

Kwa Severina alituma sabuni, madaftari, viatu. Vilikuwa viatu vizuri. Likizo msichana alikuja Mkunya, akapiga magoti kumsalimu.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Lulindi hawajambo?"

"Hawajambo. Mjomba, mikorosho ya mama imetoa maua?"

"Imetoa."

"Mengi?"

"Mengi."

"Nilitaka niende nikapalilie kaburi."

"Njiani kuna nyuki mwaka huu," alisema Fortunatus. "Nimeshapalilia mimi."

Hakuwa amepalilia. Jioni ile Severina alipita kwa Mwalimu Basil kusalimia. Alichuma jani moja getini, akalifikicha, akalinusa. Akarudi akamwambia Mama Huruma kwamba geti la Mwalimu linanuka kama mgongo wa mama yake siku za mavuno. Mama Huruma alikuwa anapepeta mchele. Aliendelea kupepeta hata pumba zilipokwisha.

Msimu wa pili ulipopita, Shamte alipanda Mkunya. Alikuwa amekonda, na nguo zake zilikuwa na vumbi la njano mpaka kwenye kola. Alikaribishwa kiti, akaletewa chai.

"Mtani, ulinipa mikorosho au miavuli?" alisema. "Kivuli ninacho kingi. Korosho hata moja. Nimepuliza salfa mpaka kuku wangu wamekuwa wa njano."

"Mikorosho ina mambo yake," Fortunatus alisema.

"Haya, na iwe na mambo yake. Mimi nimeshindwa. Nipe mitungi yangu, chukua mikorosho yako, tusameheane. Vumbi hili linanitoa machozi kuliko ule moto."

Uwanja ulikuwa umejaa watu siku hiyo. Wengine walikuja na nondo zao begani kutoka mbali, wamekaa foleni kwenye kivuli cha ukuta. Mama Huruma aliweka birika chini, akamtazama mumewe. Mikorosho ilikuwa imekuja mpaka mlangoni yenyewe, ikisubiri neno moja tu, na Severina alikuwa amebakiza mwaka mmoja shule.

Fortunatus aliitazama mitungi, kisha foleni.

"Vumilia mwakani," alimwambia Shamte. "Itazaa."

"Yaani hurudishi?"

"Tulipeana mikono, mtani."

Shamte alicheka akatikisa kichwa. "Mmakonde bwana! Akichonga akakosea, hata kosa lenyewe analiuza." Akamaliza chai yake, akaaga kwa heshima zote, akateremka Masasi.

Usiku huo Mama Huruma alimpakulia mumewe chakula kama kawaida, na nyama ikawa kwake kubwa. Hilo lilimuuma kuliko kama angenyimwa.

Shamte hakuvumilia mwakani. Aliikata mikorosho yote ya Chilangala akachoma mkaa. Ulikuwa mkaa wa kawaida, si mbaya, watu wa Masasi waliununua wakapikia maharage.

Severina alifaulu. Aliitwa chuo cha uuguzi, akafurahi, akaenda kwanza Chilangala kumwambia mama yake. Kutoka huko alikuja Mkunya kwa miguu. Fortunatus alikuwa karakana, akamwona tangu mbali, vumbi jeusi limempanda mpaka magotini.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba."

"Natoka Chilangala."

"Ndiyo."

"Nimeona visiki."

"Ndiyo," alisema Fortunatus.

Alingoja aulizwe. Alikuwa ameyaandaa maneno kwa muda mrefu, ya kuomba na ya kujitetea. Lakini mjomba hasutwi na mpwa, na Severina alikuwa mtoto aliyelelewa. Alitazama mipira, wa buluu na mwekundu, akatazama geti lililokuwa linasubiri mwenyewe, lenye vichipukizi tayari. Akasema, "Sawa, Mjomba." Akaenda jikoni kumsaidia Mama Huruma kupika.

Chuo hakwenda. Fortunatus aliahidi mwakani, na mwaka ulipofika akaahidi tena, na kweli alikuwa na nia. Lakini mitungi ilihitaji kujazwa gesi, na karakana paa jipya, na nia ikawa inapitwa. Severina alipanga chumba Mkunya, akapata kibarua cha kuokota korosho. Huanza kwa Mwalimu Basil, huendelea nyumba kwa nyumba mpaka mwisho wa barabara. Ana mkono mwepesi, na watu wanasema geti akiliokota yeye mwaka unaofuata linazidi. Humlipa vizuri, humpa na chai.

Chumba chake kilikuwa na mlango wa mbao uliooza. Fortunatus aliposikia alifunga karakana, akafukuza foleni, akachagua bomba jipya na bati nene. Alichomelea mlango ule kwa mitungi ileile siku nzima, na safari hii hakugeuza uso. Aliweka viungo zaidi ya vinavyohitajika, akapachika maua ya nondo juu na chini ili moto upate pa kupita, akaubeba mwenyewe kwa mkokoteni, akaufunga mwenyewe kwenye bawaba. Severina alimshukuru kwa mikono miwili.

Mwezi wa sita mageti yote ya Mkunya yalichipua. Mlango wa Severina haukuchipua. Mwezi wa nane yalitoa maua, nao ukabaki bati na bomba. Watu walipita wakautazama, wakasema labda mwakani, halafu wakaacha kusema, kwa sababu mlango usiozaa ni kitu cha kawaida.

Fortunatus bado huja. Huleta salfa, hupuliza mlango juu mpaka chini, kisha hukaa kwenye kiti anachotolewa na mpwa wake, mbele ya mlango, akivichunguza viungo kimoja kimoja kwa kidole. Severina hufagia lile vumbi la njano kizingitini, huvaa kilemba, huchukua ndoo yake ya kuokotea.

"Mjomba, samahani," husema. "Naomba usogee nifunge. Kwa Mwalimu Basil zimeshaanza kuanguka."

Naye husogea, na kiti chake. Mlango hufungika vizuri, bila kelele. Ni fundi mzuri.