Muto Inapunguka, Léonard Hajamaliza Kusema

Daraja yetu ya Nyamitaba ilivunjwa na vita. Tangu hapo, njo Léonard alikuwa anavusha watu kwa mugongo: wamama na maharagi yao, papa katekista, hata mbuzi. Mwanaume wa mabega, tena mupole, lakini umuweke mbele ya mwanamuke, ulimi inafungwa. Kwa muto tu njo alikuwa anaweza kusema, sababu ule anamubeba iko nyuma, hawaonane macho.

Mudogo wangu Libérata alikuwa anauzisha fromaji ya maziwa ya ng'ombe kwa soko ya Masisi. Kila kuvuka, Léonard anamuambia kidogo: mara shamba yake, mara vile nyumba yake iko kubwa sana kwa muntu mumoja. Mimi nangojea zamu yangu na kikapu, nasikia yote. Muto ilikuwa pana, na yeye alikuwa anatembea pole pole makusudi. Nilijua kwenye anataka kufika. Libérata naye alijua, na alitaka afike.

Basi mvua ikakataa. Zamani, mwezi ya tisa, muto inanguruma mpaka hamusikilizane. Mwaka ule mwezi ya tisa ikapita na vumbi, ya kumi vilevile. Wengine walisema ni ng'ombe ya Papa Hakorimana imekunywa muto yote. Mwenyewe, masikini, akaihamisha kwa hasira. Agronome wa parokia, ule wa kufundisha watu kulima, akatuambia joto ya dunia imepanda mpaka huku kwetu juu, chemchemi ya mulima haijai tena, na mvua ikirudi itakuja yote mara moja, ibebe mashamba. Tuliogopa kweli. Lakini Léonard aliogopa kutushinda wote.

Maji ilipofika kwa magoti, alikuwa anamaliza kusema tu habari ya shamba, na tayari wako ng'ambo. Kisha watu wakaanza kujivusha wenyewe, viatu mukononi. Nilimugombeza asubuhi moja: aseme basi, ao anangojea muto imusemee? Akakunja suruali, akashuka kwa maji.

Siku ya soko tulirudi, tukakuta mawe matupu. Watu wote walikuwa wanapita. Léonard alisimama pale, suruali imekunjwa bure. Libérata alitazama mawe, akamutazama yeye, akanipa kikapu yake bila kuniuliza.

"Inama," akamuambia.

Watu wakacheka. Léonard akainama, akamubeba. Hatua chache tu, wako ng'ambo, na hajafungua kinywa. Nikasema moyoni, masikini, imeisha. Akainama amushushe.

Libérata akakaza mikono kwa shingo yake.

"Nani alikuambia unishushe? Panda mulima. Kwetu kwa Papa ni mbali, utamaliza kusema."

Akapanda. Mimi nikafuata na vikapu mbili, nikijikokota, nisiwasikie.